Aliyekuumiza hana kitu: jinsi ya kumfikia mwajiri wake, au mtengenezaji wa bidhaa

Dereva wa daladala aliyekugonga kituoni hana nyumba, hana kiwanja, na gari si lake. Mangi wa mtaani aliyekuuzia regyuleta ya gesi iliyokulipukia naye alinunua Kariakoo kama ulivyonunua wewe kwake. Ukiwashitaki hao peke yao unaweza kushinda kesi na usipate hata nauli ya kwenda mahakamani. Sheria inakuruhusu kwenda nyuma yao: kwa mwajiri wa dereva, na kwa aliyeitengeneza regyuleta. Ila kila mlango una masharti yake, na mengi yanaharibika katika wiki ya kwanza, kabla mtu hajaonana na wakili.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Usitafute kitabu kimoja cha sheria chenye mambo haya, hakipo. Sheria ya madhara, yaani ya kumdai fidia aliyekuumiza hata kama hamkuwa na mkataba, tunaifuata kutoka kanuni za mahakama za Uingereza zilizoingizwa nchini kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na mlango wake leo ni Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358. Ndiyo maana wakili wa Mwanza atasimama mahakamani akitaja kesi ya mabasi ya farasi ya London, na hakimu hatashangaa.

Hatua ya 1: Linda ushahidi kabla ya kumtafuta mdaiwa

Ajali ya gari: piga picha namba ya gari, stika ya bima kama ipo, jina la kampuni ubavuni na sare ya dereva. Chukua namba za simu za mashahidi wawili wasio ndugu zako. Polisi watakupa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Baki na nakala, maana ile halisi inarudi kwao. Baadaye omba ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kampuni ya bima itakuuliza pia fomu za polisi za PF90 na PF115.

Kesi ya trafiki usiipuuze kwa kudhani ni mambo ya dereva na serikali. Wengi hukiri kosa, hulipa faini, na siku hiyo hiyo mambo yamekwisha. Nenda masjala ya mahakama uombe nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, iliyothibitishwa. Kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya jinai ya kumtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Nusu ya kazi yako inakuwa imefanywa na mwendesha mashtaka.

Risiti zina ugonjwa wao. Risiti ya EFD imechapwa kwenye karatasi ya joto: ikikaa juani au kwenye pochi inafifia, na baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku ile ile na utoe fotokopi. Usiipeleke kuwekewa plastiki kwa mashine ya moto, itageuka nyeusi yote.

Hatua ya 2: Jibu maswali matatu kuhusu mwajiri

Mwajiri analipa kwa kosa la mfanyakazi hata kama yeye mwenyewe hakukosea lolote. Ili afikiwe, yote matatu yawepo.

*Je, mfanyakazi alitenda kosa linalodaiwa kisheria?* Uzembe barabarani, kupiga mtu, kuharibu mali. Kama dereva hakuwa na kosa, mwajiri naye hana.

*Je, ni mfanyakazi wake kweli?* Hapa ndipo utasikia "yule ni kibarua tu", "yule amekodi gari", "yule ni fundi wa kujitegemea". Jina walilopeana halimalizi ubishi. Angalia nani anampangia saa na namna ya kufanya kazi, vifaa ni vya nani, hasara ikitokea inamwangukia nani, na kama anaweza kumtuma mtu mwingine badala yake. Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura ya 300, ina orodha inayosaidia: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa endapo, kwa mfano, amemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au anamtegemea huyo kiuchumi, au anapewa naye zana. Orodha hiyo iliwekwa kwa ajili ya sheria za kazi, si za madhara, hivyo itumie kama kielelezo cha hoja tu. Fundi wa kweli wa kujitegemea, kwa mfano mwenye karakana yake uliyempelekea gari, kwa kawaida hujibu mwenyewe.

*Je, alikuwa ndani ya kazi yake?* Kesi nyingi hufia hapa. Kipimo si kama aliruhusiwa. Kipimo ni kama alikuwa akifanya kazi ya bosi, hata kwa njia mbaya au iliyokatazwa. Mwaka 1862 madereva wa kampuni ya mabasi ya London walikuwa wamepewa kadi zinazowakataza kushindana na mabasi ya wengine. Mmoja akashindana, akasababisha ajali, na kampuni ikalipa (kesi ya Limpus). Mwaka 1942 dereva wa lori la petroli alikuwa akimimina mafuta kwenye tangi la karakana, akawasha sigara, akatupa njiti chini. Sigara ilikuwa yake, lakini aliivuta akiwa anashusha mafuta ya mwajiri, na mwajiri akabeba (Century Insurance). Kwa hiyo tangazo la "Dereva haruhusiwi kuzidisha mwendo" lililobandikwa ndani ya basi halimwokoi mwenye basi.

Kinachomwokoa ni mfanyakazi kuiacha kazi na kwenda kwenye shughuli zake. Dereva wa kampuni aliyetumwa Ubungo, akapeleka gari Bagamoyo kumwona mchumba, amejitoa. Kuchepuka kidogo kula chakula, hapana, bado yumo. Katikati hapo ndipo mawakili wanapolipwa: andika umbali, saa, na njia aliyotakiwa kupita, maana ubishi utakuwa juu ya kilomita.

Makosa ya makusudi nayo yanaingia. Katika kesi ya Muwonge, 1967, askari wa Uganda alifyatua risasi ovyo wakati wa ghasia na kuua mtu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema serikali inawajibika, kwa sababu alikuwa akifanya kazi ya polisi, japo kwa namna isiyo halali kabisa. Mlinzi wa kampuni anayempiga mteja getini unaanza kumjengea hoja hapo hapo. Mlinzi aliyemfuata mdeni wake baa akiwa bado na sare, usijisumbue.

Hatua ya 3: Daladala, deiwaka na kadi ya gari

Mwenye daladala hamlipi dereva mshahara. Anamkabidhi gari asubuhi na kutaka hesabu jioni. Kinachozidi ni cha dereva na kondakta. Mwenye gari ataegemea hapo: "Sikumwajiri, tunagawana." Jibu lako la kwanza ni dhana iliyokubaliwa katika kesi ya Karisa v. Solanki, 1969: gari likishathibitika kusababisha madhara kwa uzembe, mahakama itachukulia kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka mwenye gari alete ushahidi wa kinyume. Mzigo unahamia kwake. Halafu mwongezee: leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ya nani, nani anapanga hesabu, nani anaweza kumwondoa dereva kesho asubuhi.

Deiwaka ni mgumu zaidi. Dereva kaenda kula, kamwachia usukani kijana mwingine "piga tripu mbili", na kijana akakugonga. Mwenye gari anaapa hamjui, na huenda ni kweli. Usiweke mayai yako yote kapu moja. Andika madai kwa njia mbili ndani ya hati moja:

- kwamba deiwaka alikuwa akifanya kazi ya mwenye gari, kwenye njia yake, akitafuta hesabu yake, na kwamba mwenye gari alijua au alipaswa kujua kuwa mtindo huo upo;
- na kwamba hata kama sivyo, dereva wa kudumu mwenyewe alikuwa mzembe kwa kumwachia usukani mtu asiyejua leseni wala uwezo wake.

Njia ya pili ndiyo imara. Mwaka 1900 kondakta wa basi London aligeuza basi mwenyewe bila dereva kuwepo, na kampuni haikulipa, kwa kuwa kuendesha haikuwa kazi yake (Beard). Mwaka 1915 kondakta mwingine aliendesha dereva akiwa amekaa pembeni anatazama, na safari hii kampuni ikawajibishwa, kwa sababu kosa lilikuwa la dereva kumruhusu (Ricketts). Mwaka 1963 dereva wa lori alimpa mtu usukani bila hata kumuuliza kama anajua kuendesha. Mwajiri akalipa (Ilkiw). Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza shahidi wako ni hili: dereva mwenyewe alikuwa wapi?

Pikipiki ya mkataba ni habari nyingine. Kijana analipa kila siku ili chombo kije kuwa chake, hana bosi wa kumwambia aende wapi. Hapo usijipe matumaini makubwa kwa mwenye pikipiki, kimbilia bima.

Kuhusu kadi: magari mengi yameuzwa na kadi haijabadilishwa. Anayesomeka TRA atasema aliuza zamani, aliyenunua atasema gari si lake. Washitaki wote wawili. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya I Kanuni ya 7, inamruhusu mdai mwenye mashaka kuunganisha wadaiwa zaidi ya mmoja ili mahakama iamue nani anawajibika. Ukimchagua mmoja kwa kubahatisha, utakuja kugundua baada ya miaka mitatu kuwa ulikosea, na muda umekwisha.

Ingiza namba ya gari au ya stika kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, ujue kampuni ya bima na kama stika ni halali. Stika bandia zipo, kwa hiyo kuiona tu hakutoshi.

Gari likiwa la serikali, la halmashauri au la shirika la umma, kuna notisi ya siku 90 kwanza chini ya sheria ya mashauri dhidi ya serikali, Sura ya 5, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe kwenye kesi. Shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Bila notisi kesi inatupwa hata kama mguu umekatwa mchana kweupe.

Hatua ya 4: Bidhaa mbovu

Kwanza jiulize nani alinunua. Ukinunua mwenyewe una mkataba na muuzaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka ndani ya mkataba huo masharti ya ubora na ya kufaa kwa matumizi uliyomweleza. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kuthibitisha uzembe wa mangi; inatosha kuwa kitu ni kibovu. Ubaya wake, mangi huyo huyo hana kitu.

Kama hukununua wewe, hamna mkataba, na unamfuata mtengenezaji kwa uzembe. Njia hiyo ilifunguliwa na chupa moja. Agosti 1928, kwenye mkahawa wa mjini Paisley, Scotland, Bi Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi. Alipokwisha kunywa sehemu, kilichobaki kikamiminwa na, kwa madai yake, konokono aliyeoza akatoka. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza ikasema mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji wa mwisho. Watu hukumbuka konokono na kusahau chupa. Ilikuwa ya rangi, haionyeshi ndani, na imefungwa kiwandani. Kati ya kiwanda na mdomo hapakuwa na mtu wa kuikagua. Hoja hiyo ndiyo utakayoibeba.

Maana yake kwa jikoni kwako: mafuta ya kula ya chupa yenye lakiri ni rahisi kumdai mtengenezaji. Mafuta ya kupima, yaliyochotwa kwenye dumu la lita 20 na kumiminwa kwenye chupa ya maji, mtengenezaji atasema "sijui kilichoingia humo", na atakuwa na haki. Mtungi wa gesi ni hivyo hivyo. Ukiwa na lakiri ya kampuni juu ya valvu, umetoka kwao. Ukiwa hauna, huenda umejazwa uchochoroni. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Jumlisha kilo 6 au 15 za gesi, upime. Usipolingana, usiuchukue.

Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba kitu kilikufikia jinsi kilivyotoka kiwandani, kilikuwa na kasoro, kasoro hiyo ndiyo iliyokuumiza, na ulikitumia kama inavyotarajiwa. Uzembe ndani ya kiwanda huwezi kuushuhudia. Katika kesi ya Grant, iliyoripotiwa 1936, mnunuzi wa nguo za ndani za sufu huko Adelaide aliugua ngozi vibaya kutokana na kemikali ya sulfaiti iliyosalia kwenye kitambaa. Baraza lililokuwa likisikiliza rufaa kutoka makoloni lilisema uzembe unaweza kudhaniwa kutokana na kasoro yenyewe pamoja na mazingira yote. Aliambiwa pia angezifua kwanza. Hoja hiyo ikakataliwa, kwa kuwa hakuna aliyetarajia afanye hivyo.

Yanayoua madai ya bidhaa, kwa uzoefu wa mafaili mengi, ni haya:

Kitu kimerudishwa dukani. Muuzaji anakibadilisha kwa tabasamu, na ushahidi wako umeondoka. Kama lazima kiondoke, andikishaneni: nani kapokea, lini, namba ya toleo, hali yake.

Kitu kimetengenezwa. Fundi kabadilisha mpira wa valvu "ili kisivuje tena". Sasa hakuna anayejua ulikuwaje.

Sampuli yote imepelekwa kwa mtengenezaji. Gawa mara mbili. Chakula au kinywaji kiweke kwenye chombo safi, kifunge, andika tarehe na saa, kigandishe. Sehemu moja ipelekwe TBS, shirika la viwango, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwandikie mtengenezaji kumwalika awepo. Weka daftari la kila mkono uliokigusa.

Picha ina kitu, haina lebo. Piga namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, alama ya ubora, na jina la mwagizaji. La mwisho ni muhimu: kiwanda kikiwa ng'ambo, kupeleka hati kule ni gharama na miezi mingi, na mwagizaji mwenye ofisi Dar es Salaam unamfikia kwa daladala.

Uliona kasoro ukaendelea. Ulisikia harufu ya gesi, ukawasha kiberiti uone inavujia wapi. Hapo hata hoja nzuri inakatika.

Tangazo la "Mali ikiuzwa hairudishwi" lisikutishe. Halimjibii mtengenezaji kwa uzembe wake, wala halimfungi mtoto aliyeungua ambaye hakununua kitu. Bidhaa ikiwa bandia au hatari kwa wengine, toa taarifa Tume ya Ushindani, FCC, hata kama huna mpango wa kesi.

Hatua ya 5: Barua ya madai, na karatasi usiyoisaini

Siku ya pili hospitalini atakuja mtu mpole na bahasha. Pokea pesa ya matibabu, hakuna ubaya. Soma karatasi. Ikiandikwa "malipo ya mwisho na sina madai mengine", ukisaini umefunga mlango kwa bei ya bandeji. Andika mwenyewe: "Nimepokea Sh … kama malipo ya awali ya matibabu, bila kuathiri madai yangu mengine."

Barua ya madai iwe fupi na iwe na tarakimu:

> Tarehe …, saa 1:20 asubuhi, gari lako namba T …, likiendeshwa na … katika safari ya abiria kati ya … na …, lilinigonga nikiwa nimesimama kituoni …. Dereva alikuwa katika kazi yako, kwa hiyo unawajibika kwa uzembe wake. Nadai gharama za matibabu Sh … (stakabadhi 11 zimeambatishwa), mapato niliyokosa kwa siku 62, na fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu. Nijibu ndani ya siku 14. Nijulishe pia kampuni yako ya bima na namba ya stika.

Nakala iende kwa kampuni ya bima kabla ya kufungua kesi, kwa mkono, na igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 6: Mahakamani

Ukomo kwa madai ya madhara ni miaka 3, chini ya sheria ya ukomo, Sura ya 89. Madai ya mkataba ni miaka 6. Ndiyo maana mnunuzi aliyechelewa bado ana njia ya kumfuata muuzaji. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa. Kuna watu wamezungushwa na "njoo wiki ijayo" mpaka mwaka wa nne.

Kesi hizi haziendi Mahakama ya Mwanzo. Zinaanzia ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, zenye kikomo cha Sh milioni 200 kwa madai yasiyo ya ardhi au nyumba. Kinachopima kikomo ni hasara mahsusi, ile yenye risiti. Fidia ya jumla haihesabiwi. Ukiwa na risiti za milioni 18 na ukaandika fidia ya jumla milioni 400 ili uende Mahakama Kuu, utarudishwa.

Hasara mahsusi lazima itajwe kwa tarakimu kwenye hati ya madai na ithibitishwe moja moja. "Nilikuwa napata kama elfu thelathini kwa siku" haitoshi. Leta daftari la mauzo, taarifa ya simu ya miamala, barua ya ushirika. Fidia ya jumla hakimu hukadiria mwenyewe, na ripoti ya daktari yenye asilimia ya ulemavu ndiyo inayomsaidia.

Dereva, mwajiri au mwenye gari, wote wawe wadaiwa. Kampuni ya bima haiwekwi mbele: kwa sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, wajibu wake wa kulipa unaamka baada ya hukumu dhidi ya aliyekata bima. Ukishinda, chukua nakala ya hukumu na ya tuzo (amri ya mahakama inayotokana na hukumu) zilizothibitishwa, zipeleke kwa bima pamoja na ile barua yenye muhuri. Wakikaa kimya, unafungua shauri dhidi yao ukiwa na tuzo mkononi, na safari hii huhitaji tena kumtafuta dereva.